Barua Pepe kwa Redio: Kwa Nini Katana Ianzie Hospitalini

Mjadala wa kufikisha barua pepe vijijini kwa njia ya redio huvurugwa na swali la kasi. Ukiipima redio ya masafa mafupi kwa kipimo cha intaneti, imeshindwa kabla haijawashwa. Modemu ya kawaida ya pakiti hupitisha biti 300 kwa sekunde katika masafa mafupi, na biti 1,200 katika masafa ya juu sana (VHF). Zile za mfumo wa Pactor wa kizazi cha tatu hufika elfu chache, mawimbi yakikubali. Kwa biti 1,200, picha moja ya megabaiti mbili ingesafiri kwa zaidi ya saa tatu na nusu. Barua ya herufi 2,000, kwa upande wake, ni biti 16,000 tu: sekunde 13 na ushei, na hata pakiti zilizopotea zikirudiwa, dakika moja yatosha. Ninachodai hapa ni kwamba huduma hii ni posta, nayo ihukumiwe kama posta. Tukikubaliana hapo, linabaki swali ambalo wahandisi hulikwepa: nani atakayeishika posta hiyo?

Jibu langu linaanzia Katana, iliyo wilayani Kabare, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kando ya Ziwa Kivu, kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Bukavu kwenye barabara ya taifa namba 2 iendayo Goma. Kwa viwango vya Kivu Kusini si mbali. Watu wa Shabunda, ambao mara nyingi hufikiwa kwa ndege tu, wangeicheka orodha yoyote inayoiita Katana kijiji cha pembezoni. Lakini ndiyo sababu ya kuichagua. Ina hospitali ya FOMULAC, iliyoasisiwa na mfuko wa tiba wa Chuo Kikuu cha Louvain enzi za Wabelgiji. Jirani yake ni Lwiro, penye kituo cha utafiti wa sayansi asilia kilichoanza kama IRSAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1947. Nyuma yake milima inapanda kuelekea hifadhi ya Kahuzi-Biega, na huko vituo vidogo vya afya humtegemea mtembea kwa miguu au pikipiki kuleta ripoti. Katana ni kiungo: mji uko upande mmoja, vilima upande wa pili.

Redio yenyewe si ngeni. Watu wa Kivu wameijua foni, yaani redio ya mazungumzo ya masafa mafupi, kwa miaka mingi. Parokia, misheni, mashirika na wafanyabiashara wa migodini wamepashana habari kwa foni tangu kabla simu ya mkononi haijafika, na Bukavu ilikuwa na vibanda ambako mtu alilipa ili azungumze na ndugu yake aliye porini. Mwendesha foni alijua saa ya kumpata kila mtu hewani na masafa ya kila stesheni. Kwa hiyo anayeleta barua pepe ya redio haleti kitu kipya kabisa. Anaiongezea foni kompyuta na modemu. Barua huandikwa Katana na kusubiri ndani ya mashine mpaka njia ifunguke, kisha hurushwa hadi stesheni ya Bukavu yenye intaneti, nayo huipeleka popote duniani. Majibu hurudi kwa njia hiyohiyo.

Faida kubwa ya nyongeza hiyo ni usahihi wa tarakimu. Kila wiki zoni ya afya hutakiwa kuripoti wagonjwa na vifo vya kipindupindu, surua na maradhi mengine yanayofuatiliwa. Ripoti hiyo ikisomwa kwa sauti kupitia foni yenye kelele, namba moja ikisikika vibaya hakuna atakayegundua. Modemu hukagua kila pakiti na kuomba irudiwe ikiwa imeharibika: namba hufika ilivyo, au haifiki kabisa. Kwa mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, kukosa ripoti ni tatizo analoliona. Ripoti yenye kosa haioni.

Na kelele ni nyingi. Mawimbi mafupi yakirushwa karibu wima hugonga ionosfea, kilomita mia kadhaa juu, na kushuka upande wa pili wa milima. Ndiyo maana foni hufanya kazi mahali ambapo VHF huzuiwa na kilima cha kwanza. Mchana hutumika megahezi 6 au 7, usiku hushushwa hadi 3 au 4. Lakini Kivu ni nchi ya radi. Utafiti wa takwimu za satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka eneo moja la mashariki mwa Kongo katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Radi hujaza masafa mafupi mikwaruzo, na ikipiga karibu na antena isiyo na waya mzuri wa ardhini huunguza redio na modemu pamoja. Bajeti inayosahau waya huo imeandikwa na mtu asiyewahi kukaa huku msimu wa mvua.

Uzoefu wa nchi nyingine za Afrika unafundisha. Huko Guinea, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la International Rescue Committee liliunganisha ofisi zake za wakimbizi kwa redio za masafa mafupi na kompyuta za Linux. Iganga, Uganda, mradi wa RESCUER ulioanza mwaka 1996 uliwapa wakunga wa jadi redio za VHF ili waite gari la wagonjwa. Hiyo ilikuwa sauti, na ilifaa iwe sauti: mama anayetoka damu hasubiri modemu. Barua haichukui nafasi ya mwito wa dharura. Kazi yake ni ripoti, oda ya dawa, swali la daktari kwa mwenzake, barua ya mshahara.

Linakuja suala la siri, ambalo huku Kivu si la nadharia tu. Kinachosemwa kwenye foni husikika na yeyote aliye kwenye masafa hayo, mwenye bunduki na asiye nayo. Barua ya kidijitali humzuia msikilizaji wa kawaida, lakini haimzuii mwendeshaji anayeifungua, na haiifichi antena iliyo juu ya paa. Waasi wa RCD, waliotawala Bukavu wakati huo, waliifunga Radio Maendeleo ya Bukavu mwaka 1999. Tangu hapo hakuna anayehitaji kuelezwa jinsi wenye silaha wanavyokitazama chombo cha mawasiliano wasichokimiliki. Februari 2025 waasi wa M23 walishuka kwa barabara hiihii ya Katana kuelekea Kavumu na Bukavu. Stesheni ikiwa mali ya mfanyabiashara au shirika linalotuhumiwa kuegemea upande, itanyang'anywa siku ya kwanza. Hospitali haina kinga kamili, lakini ina hoja ambayo hata kamanda huisikiliza: askari wake nao huumwa.

Wapo watakaosema mambo haya yamepitwa na wakati. Minara ya simu ipo, na ng'ambo ya maji, kisiwani Idjwi, shirika la Ensemble Pour la Différence lilijenga mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net, unaotumia Wi-Fi na ni mzuri kuliko foni kwa kila kipimo cha kasi. Mwaka 2025 ARPTC, mamlaka ya kudhibiti mawasiliano, iliiruhusu intaneti ya satelaiti ya Starlink. Nakubali. Panapoonekana mnara, foni isishindane nao. Hata hivyo, serikali ilikata intaneti nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, na huduma ikarudi karibu wiki tatu baadaye; maradhi nayo hayakusubiri. Stesheni ya redio ya Bukavu ingekwama vilevile kupeleka barua nje ya nchi, ila Katana na Bukavu zingeendelea kuandikiana, na sehemu kubwa ya barua za hospitali ni za humuhumu.

Napendekeza basi stesheni moja FOMULAC, yenye leseni chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2020, ikihudumia vituo vya milimani kwa saa zinazojulikana. Mwendeshaji awe mwajiriwa wa zoni ya afya anayekula kiapo cha siri kama muuguzi, asiwe kijana wa kujitolea anayengoja posho ya mradi. Betri na paneli za jua ziwe na fungu la kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Vyombo vingi vya namna hii hufa kwa betri na kwa mshahara, si kwa mawimbi. Bila mafungu hayo mawili kuandikwa kwenye bajeti ya zoni, sioni sababu ya mfadhili yeyote kununua antena.