Mzigo wa Kerea

Marafiki walipotuuliza fungate tunakwenda wapi, walitegemea kusikia Zanzibar. Tulikwenda Mukendo, Musoma, nyumbani kwa bibi yangu. Pesa zetu zilikuwa zimeishia ukumbini. Mume wangu anapenda ndege kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Tulibeba darubini ya kuazima, daftari, na nguo za siku tano.

Usafiri alitupa bibi: baiskeli ya marehemu babu, Raleigh nyeusi yenye kerea pana iliyochomelewa zaidi ya mara moja. Ya pili tuliiazima kwa jirani.

"Itumieni sasa," bibi alisema. "Baba yako mdogo anataka kuiuza chuma chakavu."

Asubuhi ya kwanza tuliteremka Mwigobero. Mitumbwi ilikuwa imerudi na taa zake, na dagaa wameanza kuanikwa. Yangeyange walitembea kati ya akina mama bila woga, na mnandi walikausha mabawa juu ya mawe. Lakini ndege aliyetushika macho ni mdiria, yule mwenye madoa meusi na meupe. Husimama hewani akipigapiga mabawa, mdomo ukielekea chini, kisha anajitosa majini kama jiwe. Tulihesabu 14 kabla ya saa tatu. Kila tuliyemwona akiibuka na samaki, samaki huyo alikuwa dagaa.

"Zamani hawakula dagaa tu," mume wangu alisema. "Walikula furu."

Akanieleza habari ambayo sijaikuta katika kozi yoyote ya historia. Mdiria hatoi mifupa yote kwa njia ya kawaida. Huikusanya tumboni na kuitapika kama kitonge kidogo. Watafiti wa Kiholanzi, Wanink na Goudswaard, walichambua vitonge vya aina hiyo kutoka Ghuba ya Mwanza. Walikuta kwamba baada ya sangara kuenea ziwani, mdiria aliacha furu akahamia kwa dagaa. Kwa kuwa dagaa ni mwembamba, ilimlazimu akamate wengi zaidi ili ashibe.

Tarehe za habari hiyo nilizijua. Sangara hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliletwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, akapandikizwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika makala akionya dhidi ya mpango huo, lakini samaki alikuwa ameshaingia majini. Kwa miaka mingi hakuonekana kuwa na madhara makubwa. Kisha, kufikia miaka ya 1980, aliongezeka ghafla. Ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 300 za furu, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilitoweka.

Jioni nilimuuliza bibi kuhusu furu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Babu yako alianza na furu," alisema. "Aliwachukua kwa wavuvi, wamekaushwa, akafunga kwenye kerea hiyo hiyo, akaenda nao mpaka Butiama. Baiskeli aliinunua kabla ya Azimio la Arusha. Wakati wa mvua aliisukuma zaidi ya kuipanda."

"Halafu?"

"Halafu sangara akaja. Mmoja tu, mkia unaburuta chini. Watu walimwogopa. Wakasema amekula wenzake, atakula na watoto wetu. Baadaye wakamzoea."

Kisha, alisema, vikaja viwanda vya minofu. Magari ya barafu yakaanza kuchukua sangara ufukweni kwa bei ambayo mchuuzi wa baiskeli hakuiweza. Minofu ikasafirishwa Ulaya. Babu akabaki kubeba mapanki, yale mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kutolewa, akiwauzia watu wa bara wayakaange. Miaka yake ya mwisho barabarani alibeba dagaa.

Nilikuwa naandika haraka. Furu, sangara, mapanki, dagaa. Mzigo wa kerea ulikuwa umebadilika kama vitonge vya mdiria, na ndani ya maisha ya mtu mmoja. Nikasema, kwa uhakika wa mtu aliyesoma makala kadhaa, kwamba sangara lilikuwa kosa kubwa la wakoloni.

Bibi akaweka ungo chini.

"Baba yako alisoma kwa pesa ya sangara," alisema. "Ada ya sekondari, viatu, sanduku la bweni. Furu hakulipa ada. Furu alitulisha. Sasa wewe uliyesomeshwa na baba yako unakuja kuniambia ni kosa."

Sikuwa na jibu. Mume wangu akainama, akajifanya anasafisha darubini.

Siku ya nne tulipanda kwenda Butiama, kama kilomita 40, njia ya babu. Mwaka 1934 mtoto Julius Nyerere alitoka huko kwa miguu kuja kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma, na safari hiyo imo vitabuni. Safari za babu hazimo popote. Hakuacha daftari, na hakuna ofisi iliyohesabu kilo alizobeba. Tulipita Nyasho na Bweri, bodaboda wakitupita na matenga ya samaki migongoni mwa pikipiki. Kabla ya Makutano mnyororo uliruka mara mbili. Kwenye mlima mmoja nilishuka, nikasukuma, nikaona mahali pa mpini ambapo rangi ilikuwa imelika mpaka chuma cheupe. Pengine ndipo mkono wake ulipokaa alipokuwa akisukuma. Mikono yangu ilikaa hapo hapo.

Sura ya pili ya tasnifu yangu ilikuwa imejaa ripoti za maofisa wa uvuvi. Nimeiandika upya tangu turudi. Onyo la Fryer limebaki, na aina 200 zilizopotea zimebaki. Lakini ada ya baba nayo imo, ukurasa ule ule, na sikutafuta sentensi ya kuvisuluhisha.

Baiskeli tuliinunua kwa baba mdogo kwa bei ya chuma chakavu. Imebaki kwa bibi, imeegemea ukuta wa jiko.

Usiku wa kuaga, bibi aliomba aone daftari la ndege. Mume wangu akamsomea orodha polepole. Alipofika kwa mdiria, bibi akamkatiza.

"Huyo mlimwona anakula nini?"

"Dagaa, bibi."

"Kama sisi," alisema, akatusogezea bakuli.