Imani ya Tolkien katika dunia aliyoibuni

JE, imani ya mwandishi huingia katika dunia anayoibuni? Swali hilo limeulizwa kwa miaka mingi kuhusu J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyeandika riwaya ya The Lord of the Rings, iliyochapishwa katika vitabu vitatu kati ya mwaka 1954 na 1955.

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo, Januari 3, 1892. Mama yake, Mabel, alijiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1900, hatua iliyowakasirisha ndugu zake. Alipofariki dunia mwaka 1904, aliwaacha wanawe wawili chini ya ulezi wa padri Francis Morgan wa Birmingham. Tolkien alibaki Mkatoliki hadi kifo chake mwaka 1973.

Hata hivyo, msomaji anayetafuta kanisa au misa katika riwaya hiyo ataambulia patupu. Rafiki yake C.S. Lewis, aliyerejea katika Ukristo mwaka 1931 kwa ushawishi wa Tolkien, alifuata njia nyingine. Simba Aslan katika vitabu vyake vya Narnia huuawa na kufufuka, na wengi humtambua Kristo mara moja.

Katika barua ya mwaka 1953 kwa padri Robert Murray, Tolkien alieleza kuwa msingi wa riwaya yake ni wa kidini na wa Kikatoliki. Mwanzoni bila kukusudia, kisha kwa kukusudia alipokuwa akiirekebisha. Gollum, aliyehurumiwa na kuachwa hai, ndiye anayetumbukia na Pete motoni pale Frodo anaposhindwa kuitupa. Siku hiyo ni Machi 25, Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria.

Imani hiyo pia ilimletea mtihani. Tolkien aliamini kuwa uovu hauwezi kuumba uhai, bali huharibu kilichokwisha kuumbwa. Basi maorki, askari wa adui wanaouawa kwa maelfu, walitoka wapi? Je, nao wanaweza kuokoka?

Mwandishi mwingine angelipuuza swali hilo. Tolkien alilirudia hadi miaka yake ya mwisho, akijaribu majibu tofauti, bila kuridhika na hata moja. Kushindwa kwake kuliacha swali hilo ni ushahidi mzito kuliko tarehe yoyote kwamba imani yake iliingia katika dunia aliyoibuni.