Nyumba za OCA: Zilijengwa kwa Jamaa Gani?

Sisi wa Mutwanga tunazijua nyumba za mstari. Mashamba ya kahawa chini ya mlima Ruwenzori yalikuwa na kambi za wafanyakazi, nyumba zote sura moja, kama askari waliopangwa. Lakini Serikali ya Wabelgiji ilijaribu kazi kubwa kuliko kambi: kujenga mitaa mizima kwa ajili ya jamaa za Waafrika.

Vita ya 1939-1945 ilipokwisha, Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ilikuwa na watu kama 100,000. Mwaka 1960 walikaribia 400,000. Nyumba hazikutosha, wengi wakabanana chumbani. Basi mwaka 1952 ikaundwa Office des Cités Africaines, kwa kifupi OCA. Ikajenga Bandalungwa, Matete na Lemba kule Léopoldville. Bagira kwetu Kivu, karibu na Bukavu. Na Ngagara kule Usumbura, mtaa ambao wazee wa huko huuita OCAF mpaka leo.

Tusidharau kazi hiyo. Kuta zilikuwa imara, njia zilinyoka, tena palitengwa mahali pa shule, soko na zahanati. Katika foyer social akina mama walifundishwa kushona, kupiga pasi na kulea mtoto mchanga. (Akina baba hawakuitwa kujifunza pasi!)

Lakini jamaa ni nani? Wachoraji walihesabu baba, mama na watoto, wakakata vyumba kwa hesabu hiyo. Amri ya 1950 ilikuwa imekwisha kukataza ndoa mpya za wake wengi, na sisi makatekista hatuna neno juu ya mke mmoja. Neno letu ni jingine. Nyanya aliyebaki mjane alale wapi? Na mdogo wa mke aliyetoka kijijini kutafuta shule? Na mama mkwe, ambaye kwa mila za wengi wetu hawezi kulala ukutani kwa mkwe wake? Kwetu mlimani mtu angeongeza kibanda uani, shauri likaisha. Mjini ramani ilikataa.

Tena nyumba hizo zilimfaa mwenye mshahara wa kila mwezi. Kibarua wa siku hakuzipata. Na zilikuwa mbali na kazi, kwa maana Wazungu walikaa mitaa yao peke yao. Léopoldville uliachwa ukanda mtupu katikati, makusudi, wakatia humo kiwanja cha golf na bustani ya wanyama.

Baada ya uhuru wa 1960 wenye nyumba walianza kuzirekebisha wenyewe. Ukipita leo Bandalungwa au Matete utaona ukuta wa mbele umetobolewa kuwa duka, na uani zimesimama nyumba nyingine ambazo hakuna ofisi iliyozichora. Humo analala nyanya, au mpangaji ambaye kodi yake inalipa ada ya shule ya watoto.