Kutoka Mfupa Hai hadi Kipimo cha Umri: Historia ya Elimu ya Ukuaji wa Mifupa

Makala haya yanafuatilia jinsi wataalamu walivyogundua namna mfupa unavyokua, na jinsi ugunduzi huo ulivyogeuzwa kuwa kipimo cha umri wa watoto. Hoja yake kuu ni kwamba kipimo hicho kilizaliwa mahali maalumu kwa kusudi maalumu, na asili hiyo ndiyo inayoonyesha mipaka ya matumizi yake.

Mwaka 1727 Stephen Hales wa Uingereza alieleza jaribio alilolifanya kwa kifaranga. Alitoboa matundu mawili katika mfupa wa mguu wake, kisha akasubiri. Kifaranga alipokua, mfupa ulirefuka, lakini umbali kati ya matundu haukubadilika. Ilidhihirika kwamba mfupa hauvutiki kama ngozi, bali huongezewa urefu kwenye ncha zake. Mwaka 1736 John Belchier, daktari mpasuaji wa London, aliona kwamba nguruwe waliolishwa pumba zilizotumiwa na watia rangi vitambaa walikuwa na mifupa myekundu. Nchini Ufaransa, Henri-Louis Duhamel du Monceau aliwalisha wanyama chakula chenye rangi hiyo, akakikatiza, kisha akakirudisha. Mifupa yao ilionyesha matabaka mekundu na meupe yaliyopishana. John Hunter naye aliendeleza majaribio hayo, akaonyesha kwamba mfupa hujengwa upande mmoja huku ukimeng'enywa upande mwingine.

Elimu ya baadaye ilifafanua utaratibu huo. Mifupa mingi ya mwili huanza tumboni mwa mama ikiwa gegedu, na kati ya wiki ya 7 na ya 8 ya kijusi madini ya chokaa huanza kuigeuza kuwa mfupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu hubaki tabaka jembamba la gegedu ambamo urefu huongezeka. Homoni za balehe hatimaye hulifunga tabaka hilo, na kimo hukoma kuongezeka. Lishe duni na maradhi ya muda mrefu huchelewesha safari hiyo. Balehe ya mapema huiharakisha.

Ugunduzi wa eksirei mwaka 1895 uliwezesha hatua hizo kuonekana kwa mtoto aliye hai. Mwaka 1950 William Greulich na Idell Pyle walichapisha atlasi ya picha za mkono na kifundo chake, inayotumika hadi leo. Picha hizo zilipigwa kati ya mwaka 1931 na 1942 katika mji wa Cleveland, Marekani, na watoto waliopigwa walikuwa wazungu wa familia zenye hali nzuri kiuchumi. Kusudi lilikuwa la kitabibu: daktari anayejua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto apime kama ukuaji wake umetangulia au umechelewa.

Baadaye swali liligeuzwa. Mahakama na idara za uhamiaji za nchi mbalimbali zilianza kuuliza mfupa tarehe ambayo hati hazikuitoa. Hapo ndipo tatizo lilipo. Watoto wawili wenye afya, waliozaliwa siku moja, wanaweza kupishana kwa mwaka au zaidi katika ukomavu wa mifupa. Msichana wa miaka 16 anaweza kuwa na mkono uliokwisha kukomaa. Kijana wa miaka 18 aliyekulia katika njaa anaweza kuonekana mdogo. Kwa kuwa sheria nyingi huchora mstari kwenye miaka 18, kosa la miezi michache linaweza kumpeleka mtoto katika gereza la watu wazima.

FIFA ilipoanza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009, swali lilikuwa finyu zaidi: je, tabaka la ukuaji limekwisha kufungika kabisa? Jibu lake halitaji umri wa mchezaji. Huonyesha tu uwezekano mkubwa kwamba amevuka kikomo.

Mfupa, basi, hueleza jinsi mtoto alivyokua, wala hauhifadhi siku aliyozaliwa. Kazi hiyo ni ya cheti cha kuzaliwa. Sera itakayowekeza katika usajili wa vizazi itapunguza haja ya kuutafuta umri katika eksirei. Na pale eksirei inapolazimika, sheria iagize kwamba matokeo yatolewe kwa masafa ya miaka, na shaka imnufaishe mtoto.