Betri kuukuu: Leseni zinazohitajika na wajibu wa kila anayezishughulikia

BETRI ya gari au ya mtambo wa sola inapokoma kuhifadhi umeme, mwenyewe huiona kuwa mzigo. Kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu apitaye mtaani na mkokoteni, hiyo ni mali. Bei hukadiriwa kwa uzani, pesa hutolewa papo hapo na betri huondoka bila risiti wala swali kuhusu iendako.

Ni wachache wajuao kwamba betri hiyo sasa imo katika kundi la taka hatari, na kwamba kila anayeipokea, awe fundi, msafirishaji au mwenye kiwanda, ana wajibu mbele ya sheria. Makala haya yanaeleza wajibu huo, leseni zinazohitajika na yanayoweza kutokea unapopuuzwa.

Kilichomo ndani

Betri ya kawaida ya gari, ya volti 12, ina vyumba sita. Katika kila chumba mna mabamba ya madini ya risasi yaliyozamishwa katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Risasi ndiyo huchukua zaidi ya nusu ya uzani wote.

Madini haya huyeyuka katika kiwango cha joto cha nyuzi 327 hivi. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye sufuria na jiko la makaa anaweza kuyayeyusha nyuma ya nyumba. Urahisi huo ndio hatari yenyewe. Asidi humwagwa mtaroni, moshi na vumbi husambaa na kutua juu ya udongo, maji na nguo zilizoanikwa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama. Watoto wadogo huweza kunyonya mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kutoka kwa kiasi kile kile walichomeza. Risasi hudhuru ubongo, figo na damu, hujificha mifupani kwa miaka mingi, na mama mjamzito huweza kumwambukiza sumu hiyo mtoto aliye tumboni.

Leseni ni zipi?

Msingi wa yote ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyobuni Halmashauri ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, NEMA. Kifungu cha 87 kinakataza mtu yeyote kusafirisha taka au kuendesha mahali pa kuzitupa bila leseni ya halmashauri hiyo.

Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zilifafanua zaidi. Msafirishaji alitakiwa kuwa na leseni na gari lililoidhinishwa, na kubeba hati inayoonyesha taka zimetoka wapi, ni kiasi gani na zinapelekwa wapi. Hati hiyo ndiyo ushahidi kwamba mzigo haukupotelea njiani.

Kanuni hizo pia ziliagiza kila chombo kinachohifadhi taka hatari kibandikwe alama inayotaja kilichomo, jina na anwani ya aliyezizalisha, na onyo la sumu lililoandikwa kwa rangi nyekundu pamoja na picha ya fuvu la kichwa na mifupa.

Anayetaka kujenga kiwanda cha kuyeyusha betri hana budi kuanza mapema zaidi. Kabla ya kuchimba msingi, sharti afanyiwe tathmini ya athari za mradi kwa mazingira, wakazi wapewe nafasi ya kutoa maoni yao, na NEMA itoe leseni. Baada ya kuanza kazi, hutakiwa kukaguliwa kuhusu mazingira mara kwa mara.

Isitoshe, Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015 inamtaka afanyaye biashara hiyo kuwa na leseni na kuweka kumbukumbu za anachonunua. Anayefikiria kusafirisha betri kuukuu nje ya nchi naye hukumbana na Mkataba wa Basel, ulioafikiwa mwaka 1989 na ambao Kenya ni mwanachama wake. Mkataba huo unataka nchi inayopelekewa taka hatari ijulishwe na kukubali kwanza, kabla ya mzigo kuondoka bandarini.

Wajibu kwa wafanyakazi

Leseni ya mazingira haitoshi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, awapashe wafanyakazi habari kuhusu hatari zilizopo na kuwapa mavazi ya kujikinga. Katika kazi ya risasi, jambo dogo kama mfanyakazi kurudi nyumbani na ovaroli yake ni hatari, kwani huwapelekea wanawe vumbi lile lile alilolikwepa kwa barakoa mchana kutwa.

Watengenezaji na waagizaji nao hawajaachwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliweka kanuni kwamba mzalishaji anawajibikia bidhaa yake hata baada ya mnunuzi kumaliza kuitumia. Kwa hivyo, jukumu la betri haliishii pale inapouzwa dukani.

Kuhusu adhabu, Kifungu cha 141 cha sheria ya 1999 kiliweka faini isiyopungua Sh1 milioni, au kifungo kisichopungua miaka miwili, au vyote viwili, kwa makosa yanayohusu taka hatari.

Funzo la Owino Uhuru

Sheria hizi zikisomwa bila mfano huonekana kuwa maneno matupu. Mfano upo Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilihudumu kati ya mwaka 2007 na 2014, kikitenganishwa na makazi kwa ukuta.

Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini. Aliacha kazi na kuanza kuwatetea wakazi, harakati zilizomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Kesi ya wakazi iliamuliwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa mnamo Julai 2020. Waliagizwa walipwe Sh1.3 bilioni na mtaa usafishwe. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Jambo ambalo wafanyabiashara na maafisa wa serikali wanapaswa kulizingatia ni orodha ya waliopatikana na hatia ya kutowajibika. Haikuwa kampuni peke yake. NEMA yenyewe na asasi nyingine za serikali zilibebeshwa sehemu ya lawama. Maana yake ni kwamba anayetoa leseni kisha akafumba macho hana kinga, na aliyepewa leseni hawezi kuitumia kama ngao dhidi ya madhara aliyowasababishia majirani.

Mwananchi afanye nini?

Mwenye betri iliyokufa asiifungue wala kuimwaga asidi. Aiweke wima, mahali pakavu, mbali na watoto, kisha airudishe kwa muuzaji anayepokea betri za zamani au kwa mkusanyaji mwenye leseni. Ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo na kuangalia iwapo muda wake haujaisha.

Anayeishi karibu na tanuri la kuyeyusha betri naye hana haja ya kusubiri mtoto augue. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia.

Fursa hiyo ni muhimu kuliko fidia yoyote. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Fedha hulipa gharama za matibabu na kununulia familia makao mengine, lakini hazimrudishii mtoto akili iliyodumazwa na sumu. Anayeitisha leseni leo, kabla betri haijabebwa kwa mkokoteni, huenda akawa amemwepushia mtoto asiyemjua madhara hayo.