Gemu Inakwama Kikoneni: Je, Ni Netiweki Kweli?

Najua nimepotea, kazi za watu zilinibana. Leo nina hadithi ya Kikoneni, na ndani yake kuna historia kidogo ya kompyuta na intaneti yetu, kwa hiyo vuta kiti.

Wiki mbili kabla ya Idi mpwa wangu alinipigia simu. Amemaliza kidato cha nne mwaka jana. Mamake, yaani dada yangu, alikopa kwenye chama akamnunulia kompyuta ya mezani iliyotumika, wakaiweka chumba cha nyuma cha duka. Watoto wanalipa shilingi 20 kwa nusu saa, wanacheza GTA San Andreas. Kijana ni mjanja: ameingiza modi, magari ya Kimarekani kayatoa na kuweka matatu za kwetu, graffiti, taa na kila kitu. Wiki ya kwanza foleni ilifika barabarani.

Kisha gemu ikaanza kukwamakwama. Ukiendesha matatu kwa kasi, picha inasimama, inaruka, inasimama tena. Wateja wakarudi uwanjani kucheza mpira, huko hakuna kukwama. Fundi mmoja akamwambia tatizo ni netiweki, basi kila siku akawa ananunua bando la shilingi 50. Malipo ya chama yamekaribia, na yeye anataka kuiuza kompyuta kwa bei ya kutupa.

"Mjomba, netiweki ya huku ni mbovu," akaniambia.

"Mnacheza wenyewe au mmeungana na watu wa nje?"

"Wenyewe tu, mjomba."

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Gemu isiyogusa intaneti kabisa inakwama, na lawama inakwenda kwa netiweki! Lakini nikijiuliza kwa haki, katika umri wake ningejibu vilevile. Sisi watu wa Pwani tumezoea kulaumu netiweki kwa sababu kwa miaka mingi netiweki ilikuwa na hatia kweli.

Kabla ya 2009 mawasiliano yetu na dunia yalipanda setilaiti. Setilaiti ile imetundikwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukibofya kitu, ujumbe unapanda, unashuka upande wa pili, jibu linapanda tena na kushuka kwako. Hiyo ni safari nne, jumla kilomita 143,000 na zaidi. Hata kwa kasi ya mwanga, ambayo hakuna fundi anayeweza kuiongeza, ni karibu nusu sekunde kabla hujahesabu foleni za njiani. Ungekuwa na kompyuta ya milioni, ungesubiri tu.

Ajabu zaidi, hata barua pepe ya Nairobi kwenda Nairobi, kama mwenzako alikuwa na kampuni nyingine ya intaneti, iliweza kuruka hadi ng'ambo na kurudi. Kampuni zikaungana kujenga kituo cha kubadilishana data hapohapo nchini, KIXP, kikafunguliwa Novemba 2000. Mwezi uliofuata kikafungwa kwa amri ya tume ya mawasiliano, baada ya malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na haki ya peke yake wakati huo. Kilirudi Februari 2002. Zaidi ya mwaka mzima data za jirani kwa jirani ziliendelea kupanda mbinguni kwa sababu ya karatasi. Mimi hilo hunikera mpaka leo, ingawa nilikuwa mtoto mchanga.

Mwaka 2009 ndio mambo yakabadilika, na yalibadilikia hapahapa Mombasa. Juni ulifika waya wa TEAMS kutoka Fujairah, kama kilomita 5,000 chini ya bahari. Tarehe 23 Julai SEACOM ikaanza kazi. Kwenda na kurudi Fujairah mwanga ndani ya waya unachukua takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na ninachokumbuka ni saiba ya Ukunda tu: zamani ulifungua ukurasa ukaenda kununua viazi karai, ukirudi umefika nusu. Baadaye ulifunguka ungali umekaa.

Waya nao una balaa zake. Februari 2012 meli moja ilitia nanga pasipotakiwa karibu na Mombasa ikaukata TEAMS. Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini, tukalia sote. Kwa hiyo fundi wa mpwa wangu hakuzua. Alirithi tu lawama ya kizazi kizima.

Haya, turudi chumba cha nyuma. Nilivuka Likoni, nikafika Kikoneni mchana wa jua kali, na jambo la kwanza nikachomoa modemu. Gemu ikaendelea kukwama vilevile. Mpwa wangu akaitazama ile modemu mkononi mwangu kama mtu aliyeibiwa. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya bando.

Wadau, hapa tutenganishe magonjwa mawili. Kuchelewa ni pale unapobonyeza sasa na tendo linatokea baadaye kwa kuwa ujumbe uko safarini. Kukwama ni picha yenyewe kusimama. San Andreas ikichora fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 33 tu. Fremu moja ikichukua 300 jicho litaona, hata kama wastani wa sekunde nzima unaonekana mzuri. Ndiyo maana mwaka 2011 Scott Wasson wa tovuti ya The Tech Report aliandika kwamba kuhesabu fremu kwa sekunde hakutoshi, tupime muda wa kila fremu moja moja. Kaunta ya mpwa wangu ilisema 27. Kaunta haikusema uongo, ila haikuulizwa swali sahihi.

Sasa kwa nini ikwame mtu akikimbia tu, akisimama iwe sawa? Jibu liko mwaka 2004. San Andreas ilitoka tarehe 26 Oktoba mwaka huo kwa PlayStation 2, ikaja kwenye kompyuta Juni 2005. Waundaji wake ni Rockstar North wa Edinburgh, Scotland. PlayStation 2 ilikuwa na memori ya megabaiti 32, na 4 nyingine za picha. Picha kumi na tano za simu yako ya leo huenda zisienee humo! Na ndani yake walitaka miji mitatu, mashamba, jangwa na mlima.

Walichofanya ni kama duka la dada yangu. Rafu ni fupi, mzigo uko stoo. Anaweka mbele kile ambacho mteja wa sasa anakiona, mwingine akija anatoa hiki anaweka kile. Gemu inasoma kutoka kwenye diski mtaa ulioukaribia na kuusahau ule uliouacha, muda wote, bila wewe kujua. Ilipohamia kwenye kompyuta rafu iliongezwa, lakini bado iliwekewa mpaka wa megabaiti 50. Mpaka huo umeandikwa ndani ya programu yenyewe. Ununue memori mpya ya gigabaiti 16, gemu itaendelea kuamini ina 50. Na wenye modi hulitafuta hasa toleo lile la kwanza, kwa kuwa baada ya kashfa ya Hot Coffee ya 2005 lililofuata lilifungwa kwa modi. Yaani kijana wa Kikoneni leo anaendesha matatu juu ya programu ya 2005, pamoja na mipaka yake yote.

Nikafungua folda ya modi. Kulikuwa na matatu 31. Skini nyingi, yaani picha inayovishwa gari, zilikuwa za pikseli 4096 kwa 4096, hazijabanwa. Nikamwambia achukue kalamu: 4096 mara 4096 mara baiti 4. Akapata 67,108,864. Ni megabaiti 64.

"Na rafu ni ngapi?" nikamuuliza.

"Hamsini." Akanyamaza. "Mjomba, gari moja tu?"

Gari moja tu. Kila matatu inapotokea, gemu inatupa barabara na majengo ili iipe nafasi, halafu inakimbilia diski, na diski yenyewe ni ya zamani ya kuzunguka. Ndiyo sababu nyumba zilikuwa zikipotea.

Tukaanza kazi. Modi ya kuongeza mpaka wa memori tuliiweka, ila kwa kiasi, kwa maana programu ya biti 32 kwa kawaida haiwezi kuvuka gigabaiti 2, ukiipa kupita inaanguka. Skini tukazipunguza hadi pikseli 1024 na kuzibana kwa njia ya DXT. Ile ya megabaiti 64 ikawa megabaiti 1. Matatu tukabakisha 12.

Ikatembea vizuri, mpaka saa tisa ikaanza kuchoka tena. Nikagusa sanduku: moto. Paa la mabati, vumbi la barabara limejaa kwenye feni. Prosesa za Intel tangu Pentium 4 ya mwaka 2000 hujipunguzia kasi zikizidi joto. Mwaka 2001 Tom's Hardware walirekodi jaribio: waling'oa kipoza joto huku Quake III ikichezwa. Pentium 4 ikapunguza mwendo ikaendelea. Prosesa za Athlon za AMD zikaungua. Sisi tulitumia brashi ya rangi na dakika kumi.

Kilichotuchelewesha ni skini moja. Ile kubwa kuliko zote alikuwa ameichora mwenyewe, wiki mbili nzima: matatu ya kutoka kwao, minazi ubavuni, na maandishi madogo nyuma ya jina la mamake na la duka. Akagoma kuipunguza. Kwenye 1024 minazi ilibaki, lakini maandishi yakawa ukungu. Nilikuwa tayari kumwachia hiyo moja, nikamwambia itakwama mara chache tu.

Akafikiri. Akavuta kiti, akafuta minazi miwili, akaanza kuliandika jina la mamake upya kwa herufi kubwa. Nilipoondoka magharibi alikuwa bado anaandika, na watoto wanne wamesimama nyuma yake wanauliza zamu ni ya nani.