Picha Iliyonyang'anywa Maneno: Tangazo la Sigara na Sanaa ya Richard Prince

Tangazo la biashara lina viungo viwili: picha na maneno. Picha huvuta jicho, nayo maneno huliambia jicho hilo likanunue nini. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza yaliyotokea pale msanii mmoja wa Marekani, Richard Prince, alipovitenganisha viungo hivyo.

Sigara za Marlboro zilianza kuuzwa mwaka 1924, zikilengwa kwa wanawake. Katikati ya miaka ya 1950 shirika la matangazo la Leo Burnett, mjini Chicago, lilizigeuza kuwa sigara za wanaume, na hatimaye likamfanya mchunga ng'ombe apandaye farasi kuwa nembo yake. Matangazo ya sigara yalipopigwa marufuku katika redio na televisheni za Marekani, Januari 1971, mchunga ng'ombe huyo alizidi kutamba katika kurasa za magazeti na mabango ya barabarani.

Katika miaka hiyo ya 1970 Prince alikuwa mwajiriwa wa Time-Life, New York, akiwakatia waandishi makala zao kutoka magazetini. Makala yakishatolewa, kilichobaki mezani ni matangazo. Mnamo 1977 alianza kuyapiga picha, na kufikia 1980 akamgeukia mchunga ng'ombe wa Marlboro. Aliielekeza kamera kwenye ukurasa, akayaacha nje maneno pamoja na jina la sigara, akaikuza picha iliyosalia na kuionyesha kama sanaa.

Tendo hilo tuliiteje? Kusema alinakili hakutoshi, kwani kilichoachwa nje kina uzito sawa na kilichochukuliwa. Kusema aliiba ni kutoa hukumu kabla ya kusikiliza. Sisi twaona kwamba alinukuu, ila alinukuu bila alama za kunukuu. Mtazamaji wa zama zile alijua papo hapo farasi wale wametoka wapi. Maneno yaliyokatwa yalikuwa bado kichwani mwake. Na kwa kuwa hapakuwa tena na bidhaa ya kununua, aliachwa ajiulize alikuwa akiuziwa nini muda wote ule: tumbaku, au ndoto ya uanaume na uhuru? Hiyo ndiyo nguvu ya kazi hii, wala hatuna sababu ya kuikana.

Hata hivyo, kuna jina jingine ambalo halikuonekana. Novemba 2005, katika mnada wa Christie's, New York, kazi ya Prince ya mwaka 1989 iliuzwa kwa dola 1,248,000, bei ambayo picha ya kamera ilikuwa haijapata kufikia mnadani. Picha ya asili ilikuwa ya Sam Abell, mpigapicha aliyejulikana zaidi kwa kazi zake katika National Geographic. Mwaka 2007, jumba la Guggenheim lilipomwandalia Prince maonyesho makubwa, mpigapicha mwingine wa matangazo hayo, Jim Krantz, aliitambua humo kazi ya mkono wake.

Mwanafunzi anukuupo bila kutaja chanzo, twamkemea. Msanii si mwanafunzi: lau angeandika jina la Abell juu ya picha, fumbo lingefumbuka kabla ya kufumbwa. Lakini mwanahistoria na mwenye jumba la makumbusho hawana udhuru huo. Kibandiko kando ya picha ni mahali pafaapo kabisa pa kurudishia alama za kunukuu.

Jambo hili lina haraka kuliko lionekanavyo. Mapatano ya mwaka 1998 kati ya majimbo ya Marekani na makampuni ya tumbaku yaliyaondoa mabango ya sigara barabarani, na kizazi kilichokua baada yake hakibebi maneno yale kichwani. Mbele ya picha ya Prince, kizazi hicho huona mpanda farasi tu na mandhari ya kupendeza. Nukuu imeanza kujifanya asili. Na pasipo mtu wa kueleza ilikonukuliwa, swali alilolizusha Prince litapotea pamoja na jina la Abell.